Kisima Kando ya Jiwe Jeusi

Mimi si mtu wa kutishwa na mwamba. Nilifundisha jiografia katika kijiji cha ujamaa upande wa Ziba, miaka ile watu walipohamishwa kutoka kwenye makazi yao na kukusanywa pamoja, na mpaka leo ukiniletea jiwe nitakwambia lilikotoka. Wapo wanaosema najisikia. Waseme.

Kijiji chetu kilikuwa na shule na zahanati, lakini maji hakikuwa nayo. Mafundi walichimba kisima katikati ya kijiji wakagonga matale, lile jiwe la kijivu lenye punje kubwa zinazometameta. Wakahamia karibu na zahanati, matale tena. Mwenyekiti wa kijiji akatutangazia mkutanoni bila kuzunguka: kiangazi kikiisha bila maji, kijiji kitavunjwa na kila mtu arudi mahame yake, kule tulikohamishwa.

Watu waliguna. Mama yangu, niliyekuwa nakaa naye nyumba ya mwalimu, alitabasamu. Baba alizikwa kwenye mahame yetu, na tangu tuondoke pale mama alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, arudi akazeekee karibu na kaburi la mumewe. Mimi nilitaka kijiji kibaki. Wanafunzi wangu wa kike walikuwa wanashinda njiani na ndoo badala ya darasani, na huko mahame hakukuwa na shule hata ya kusingizia. Mama alijua ninachotaka, nami nilijua anachotaka. Tulikula ugali sahani moja na jambo hilo hatukuligusa.

Wakati huo somo letu lilikuwa mawe yaliyotokana na moto. Nilijua nikitamka "magma" watoto watakariri kama kasuku na kuondoka watupu. Nikamwomba mama samli, maana kwa samli hakuna aliyemweza. Nikaiyeyusha. Nusu nikaiacha chunguni juu ya majivu ya moto ipoe taratibu, nusu nikaimimina kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya mtungini. Mama alinung'unika kwa ajili ya yale maji, si kwa ajili ya samli. Kesho yake ile ya majivuni ilikuwa na punje, na ile ya majini ilikuwa laini.

"Sasa sikilizeni," niliwaambia. "Chini sana ardhini kuna joto la kuyeyusha jiwe. Lakini jiwe haliyeyuki lote kwa pamoja. Sehemu zinazoyeyuka upesi hutangulia, na kwa kuwa ni nyepesi, zinapanda. Uji huo wa mawe ndio magma. Ukikwama njiani na kupoa polepole mno, punje zinapata muda wa kukua, tunapata matale. Ukijipenyeza kwenye ufa wa mwamba baridi, unaganda kabla punje hazijakua. Na ukitoka kina kirefu zaidi unakuwa na chuma kingi, ndiyo maana jiwe lake ni jeusi."

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama lile jeusi la nyuma ya shule?"

Tukatoka wote kwenda kuangalia. Mstari wa mawe meusi, ya punje ndogo, ulikatiza katikati ya matale na kupotelea mashambani. Nilifurahi, nikapiga magoti nikayashika. Ule ulikuwa ufa uliojazwa magma zamani za kale, na sasa ulikuwa ukuta uliozikwa. Maji yanayoteremka chini kwa chini yakiufikia yanasimama, na matale yaliyo kando yake yamepasukapasuka, yana nafasi ya kuyatunza.

Nilipomwambia mwenyekiti mbele ya watu kwamba tuchimbe pale, alinicheka. "Mwalimu, mafundi wameshindwa, itakuwa wewe na chaki yako?"

"Ndugu mwenyekiti, mafundi wamechimba wakakosa. Chaki yangu haijachimba bado, kwa hiyo haijakosa."

Watu wakaangua kicheko, naye akakubali ili yaishe. Niliwaonyesha mafundi upande wa juu wa mstari ule wa mawe meusi. Walipita udongo, wakapita matale yaliyooza yanayomeguka kwa jembe, kisha fundi aliyekuwa shimoni akaomba ndoo. Wanawake walipiga vigelegele. Nami nilitembea kijiji kizima siku hiyo kifua mbele, na sioni kwa nini nisingetembea hivyo.

Jioni nilimletea mama kikombe cha maji yale. Aliyanywa yote, akafuta mdomo kwa kanga.

"Ni matamu," alisema. "Kwa hiyo mimi mtanizika hapa?"

Ningeweza kumdanganya, lakini hatukuwa watu wa kudanganyana. Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Hapa." Akanirudishia kikombe na kuniomba nimwongezee. Nililia nikiwa nayachota. Kaburi lake liko kijijini pale, na la baba liko mahame, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu.