Siku Niliyowafundisha Wananchi Maana ya Wananchi

Mama yangu aliingia kwenye mwethya wake, kikundi cha kusaidiana kazi huko milimani karibu na Nunguni, kabla sijazaliwa. Wanawake ishirini hivi: leo wanachimba mitaro shambani kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mwenye shamba anapika. Sidhani alipenda kitu kingine zaidi, hata ukinijumlisha mimi.

Kisha akaja mwanasiasa mmoja. Akawaambia kwamba wananchi halisi ni wale wanaoshika jembe, na wenye kalamu na ofisi ndio maadui wao. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama naye akapiga.

Mimi ni mwalimu wa historia kule mjini Wote. Niliposikia, nilipanda huko Jumamosi, nikawakuta wamepumzika shambani kwa mwenzao, nikaanza somo ambalo hakuna aliyeliomba. Niliwaambia siasa hiyo inaitwa populizimu, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya watu. Kwamba zamani wakulima wa Marekani, walipochoshwa na mabenki na wenye reli, walijiita hivyo bila aibu, na hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini mtu akidai kwamba yeye peke yake ndiye sauti ya wananchi, basi kesho atakayempinga hataitwa mwananchi tena. Nilijisikia vizuri ajabu. Ujuaji unalevya.

"Sasa mwalimu," akasema mwenyekiti wao, akikwangua udongo kwenye jembe, "unasema sisi tumedanganywa? Sisi ni wajinga?"

Mwenye akili angesema hapana, akaomba chai. Mimi nikasema, "Kwa hili, ndiyo."

Mama akainamisha kichwa.

Zamu yake ilipofika nilikwenda kumsaidia. Alikuwa ameamka alfajiri na kupika isyo, mahindi na maharagwe, sufuria ya watu ishirini. Tukangoja. Jua likapanda, hakuna aliyetokea. Halafu tukasikia nyimbo zao kutoka shamba la jirani, ambaye zamu yake haikuwa imefika. Nikasimama niende kuomba msamaha.

"Kaa chini," mama akasema. "Utaenda kuwaambia nini tena? Si ulisema yote?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Yule mwanasiasa aliwachorea adui, mtu wa kalamu anayewadharau. Mimi nikapanda mlima kwa miguu yangu mwenyewe kuwaonyesha sura yake. Na aliyelipia ni mama. Iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Hakulia. Alifunika sufuria, akachukua jembe, akaanza mtaro peke yake. Kule ng'ambo walikuwa wakiimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Na mama, huku ameinama, kila mara aliitikia pamoja nao, kwa sauti ya chini, wasije wakamsikia.