Betri Zilizochoka Kwenye Ubeti wa Tatu

Nyimbo za marehemu yule mwimbaji nazijua nusu nusu. Wenzangu watawaambia walimjua kwa santuri, wengine walimwona ukumbini na suti yake nyeupe na kitambaa cha kufutia jasho. Mimi nilimjua kwa redio ya mume wangu, na redio ya mume wangu ilikuwa na ugonjwa wake: wimbo ukifika katikati, betri zinachoka. Habari zikianza, betri zinapona.

Kwanza nieleze mali ilivyogawanywa, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu huku mlimani kahawa ni ya baba. Mama anapalilia, anachuma, anakoboa, anaosha, anaanika, anabeba mpaka chama cha ushirika, halafu baba anakwenda kupokea malipo, kwa sababu kahawa ni yake. Ndizi ni za mama. Redio ilinunuliwa kwa kahawa, kwa hiyo ilikuwa ya baba. Ilikaa mezani, imefunikwa kitambaa nilichofuma mimi, na mtu asiiguse. Lakini betri zilinunuliwa sokoni, kwa ndizi. Hilo liwekeni akilini. Mimi mwenyewe lilinichukua miaka.

Mume wangu alikuwa mtu mwema, sitaki kumsema vibaya. Hakunipiga, na hakulewa ila siku za mbege, pombe yetu ya ndizi. Basi tu siku za mbege zilikuwa nyingi. Redio kwake ilikuwa jambo la serikali. Habari alizisikiliza ameweka mikono magotini kama mtu anayepigwa picha. Wimbo aliuona kama mgeni asiye na adabu: anapewa kiti, akianza kuzoea anaonyeshwa mlango.

Wimbo wa kwanza kunishika ulikuwa wa jembe. Miaka ile kila mwimbaji aliimba jembe, atake asitake, na yeye akaimba. Sauti ilikuwa laini kama siagi, ukisikia tu unajua jembe ameliona dukani. Alituhimiza tuhamie vijijini tuishi pamoja. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Huku kwetu vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vimebanana, jirani akipiga chafya wewe ndiye unajifuta. Alikuja kiongozi kutufundisha kuishi pamoja, akakosa hata pa kugeuzia gari, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani huku anatupungia mkono. Lakini wimbo ule mume wangu aliuacha mpaka mwisho, kwa heshima ya chama. Ndiyo maana hadi leo nikipalilia maharage naimba habari za jembe bila kukosea neno. Katika nyimbo zote za marehemu, niliopewa mzima ni huo.

Wa pili ulikuwa wa msichana anayemsubiri mchumba wake stesheni. Nilikuwa nanyonyesha mtoto wangu wa tatu. Treni inakuja, inapiga honi, na hiyo honi alipiga mtu wa gitaa, vizuri kabisa. Msichana anasimama, anapanga kanga yake, mume wangu akazima. Mtoto yule sasa ana mvi. Msichana, kwa miaka mingi, mimi nilimwacha amesimama pale pale stesheni.

Huo nao niliuvumilia. Ulionikosesha amani ni wa tatu, wimbo wa mkeka. Mke amechoka, anafunga mkeka wake, anabeba chungu chake, anarudi kwao. Ubeti wa kwanza mume anamwita. Ubeti wa pili mume anajitapa: nenda zako, kesho naoa mwingine, tena mweupe, tena anakushinda kupika. Hapo gitaa linapanda, linapanda, unasikia kabisa kuna neno kubwa linakuja. Tak! Betri zimechoka.

Ubeti ule wa pili mume wangu aliupenda. Nikikosea chumvi kwenye kiburu cha ndizi na maharage, anapiga mluzi wake. Nikichelewa kutoka sokoni, namkuta mlangoni anauimba polepole, kama mtu anayejikumbushia sala.

Siku moja nikamwuliza, "Baba, yule mwanamke alirudi?"

"Mwanamke gani?"

"Wa kwenye wimbo. Wa mkeka."

"Wimbo umeishia pale."

"Gitaa lilikuwa linapanda."

"Lilikuwa linapanda kitandani. Lilale."

Miaka ikapita hivyo. Nilisoma madarasa mawili tu kwa masista, sikuwa mtu wa kuhoji mambo ya redio. Lakini kila nilipofunga mzigo, nilijiuliza yule mwenzangu amefika wapi na mkeka wake.

Sasa tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe kando ya mfereji, wanawake wa mtaa wetu. Aliyekuwa karibu nami ni mke wa balozi wa nyumba kumi, mwanamke mwenye mdomo, na afadhali alikuwa nao. Akaniambia, "Mae, nyie mna redio nzuri. Ule wimbo wa mkeka kwenu unaishaje?"

"Mwanamume anaoa mweupe."

"Halafu?"

"Halafu betri zinachoka."

Aliacha kukata. "Zinachoka wapi hasa?"

"Gitaa likipanda."

"Na za kwetu!"

Mwingine kutoka ng'ambo ya mfereji akainua kichwa. "Jamani, na za kwetu." Na wa nyuma yake vilevile. Tukatazamana na mundu mikononi. Nchi nzima ilikuwa inalia betri ni mbovu, lakini betri mbovu zenye sikio namna hiyo, zinazojua ubeti, hatujapata kuzisikia.

Mke wa balozi ndiye aliyekumbuka. Bendi ya marehemu iliwahi kuja Moshi mjini, na siku hiyohiyo wanaume wote wa mtaa wetu walikwenda mjini kwenye mkutano wa kahawa. Walirudi kesho yake asubuhi, wamechoka kwa ajili ya kahawa. "Wangu soli ya kiatu imebanduka," alisema. "Nikamwuliza, mkutano gani huo mnakaa kwa miguu? Akaniambia kulikuwa na mjadala mkali."

Basi tukaelewa. Wimbo mzima waliusikia ukumbini, na njiani wakirudi wakapitisha azimio. Vikao vingapi tuliviona vya ushirika, vya chama, vya shule, havikufikia uamuzi hata mmoja. Hili walikubaliana kwa kauli moja, na utekelezaji ulikuwa wa asilimia mia.

Kisha marehemu akafa.

Tulisikia kwenye habari za jioni. Mume wangu alivua kofia akaiweka gotini. Nikamhurumia. Mtangazaji akasema Jumamosi alasiri watapiga nyimbo zake moja baada ya nyingine, za kumuaga. Mume wangu akaitazama redio, akanitazama mimi.

"Bahati mbaya," akasema, "betri ndiyo hivyo zimekufa."

"Si zimekutangazia msiba sasa hivi?"

"Ndiyo zimekufa na msiba."

Na dukani hazikuwepo, hiyo ni kweli. Ilikuwa miaka ya mgawo, duka la ushirika lilikuwa na majembe na muuzaji. Betri ikichoka, dawa yake ilikuwa moja, kuianika juani ikusanye nguvu. Lakini mwezi wa saba huku kwetu jua ni la kusimuliwa. Ukungu unashuka asubuhi, unakaa mpaka jioni kama mkwe. Mmoja wetu alijaribu kuziweka darini juu ya moto, tunapokaushia mahindi. Zikatoka zinanuka moshi na kutoa maji meusi, akazitupa.

Ila jua lilikuwepo tambarare, na tambarare tulikwenda kila siku ya soko kuuza ndizi kwa watu wa mashamba ya miwa. Kila mwanamke akatoa betri kwenye redio ya kwao, akazilaza chini ya ndizi kapuni. Hakuna mume aliyeuliza. Mtu amekwisha kutangaza mwenyewe kwamba zimekufa, ataanzaje tena kuulizia maiti?

Kule chini nilikuwa na mteja wangu, mwanamke kijana kutoka kusini, mume wake alikata miwa. Nyumba yao ilikuwa ya bati, na bati lile mchana lilikuwa la moto kama kikaango. Nikamwomba paa.

"Shikamoo bibi. Leo mnauza betri?"

"Marahaba. Tunaanika."

"Kama dagaa!"

"Kama dagaa. Paka wako asizile."

Alipanda mwenyewe kwenye ngazi akazipanga moja moja. Nikamweleza habari ya wimbo. Akashika kiuno akacheka, ngazi ikatikisika. "Wimbo wa mkeka? Mbona sisi huku kambini tunausikia mzima! Mwisho wake, yule mwanamume—"

"Nyamaza!" mke wa balozi alimfokea, watu wa soko wakageuka.

Yule binti akaziba mdomo. Miaka yote ile, na mwisho ulikuwa mdomoni mwa mtu aliyesimama juu ya ngazi. Lakini mke wa balozi alisema sawasawa. Tulitaka tuambiwe na mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Mume wangu alikwenda kwenye mbege na balozi, maana siku hiyo walikuwa na huzuni. Nilifunga redio mgongoni kwa kanga kama mtoto, nikachukua kamba na mundu, nikatoka. Njiani mzee mmoja akasalimu na kusema mtoto mtulivu huyo. Nikamwambia, subiri aamke.

Pale mferejini tuliichagulia betri zilizoiva kuliko zote. Sauti ikatoka nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya pipa, lakini ilikuwa yake. Hakuna aliyekata jani. Walianza na wimbo wa jembe, bila shaka. Kisha wa stesheni, na nikajua habari za yule msichana: treni ilisimama, mchumba hakushuka, naye akapanda yeye. Akaenda zake. Nilifurahi, nikakasirika pia, maana habari hiyo ingenifaa mapema.

Kisha gitaa la mkeka. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili ulipoanza, migomba ikachakarika, tukawaona: mume wangu mbele, balozi nyuma yake, wamefuata sauti.

Balozi akasimama kiserikali. "Mkutano huu una kibali?"

"Huu si mkutano," mke wake akamjibu. "Ni matanga. Kaa au pita."

Kesho naoa mwingine, redio ikasema, tena mweupe. Mume wangu akanyoosha mkono kwenye kifungo. Nikaulaza mundu juu ya redio. Sikumtisha mtu. Niliulaza tu, pale ambapo mkono wake ungepita. Mkono ukarudi mfukoni.

Gitaa likapanda. Mara hii hakuna aliyelipeleka kulala.

Ubeti wa tatu, kumbe yule mwanamume yuko uani kwa mama mkwe. Mweupe hakupatikana. Ameunguza sufuria zote, amelala na njaa, amebeba kuni mwenyewe kichwani watu wakimwona. Anafagia uwanja wa mkwe wake huku analia, anamwita mkewe kwa jina la nyumbani kwao. Wanawake walikuwa wanacheka na kufuta macho kwa kanga. Mimi nilimtazama mume wangu. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno. Yote, hakuruka hata moja.

Na hapo, kabla ya mstari wa mwisho, sauti ikafifia, ikakwaruza, ikanyamaza.

Betri zimechoka. Kweli kweli.

Nilizitikisa, nikazibadilisha mahali, nikazisugua kwa kanga. Kimya. Maji ya mfereji tu. Nilihisi nitapiga kelele. Nikamwinukia mume wangu, nikamwambia, "Malizia."

"Nini?"

"Unajua nini."

Alimtazama balozi. Balozi alikuwa anachunguza migomba ya watu kama ana kazi nayo. Mume wangu akavua kofia, akakohoa, akaimba. Sauti ilikuwa mbaya, Mungu amrehemu, ya mbege na ya tumbaku. *Rudi nyumbani, mama, mkeka nitabeba mimi.*

"Halafu?" nikamwuliza.

"Halafu gitaa."

"Alirudi?"

"Haisemwi. Pale ukumbini sisi tulicheza tu."

Nilifungua redio, nikatoa betri zangu, nikazifunga kwenye pindo la kanga. Wenzangu nao wakachukua kila mtu zake. Nikampa mume wangu redio mikononi. "Hii ni ya kahawa, ni yako, nimekurudishia. Hizi ni za ndizi."

Wiki iliyofuata mtaa wetu haukupata habari za taifa. Betri zilikuwa zetu, na jua la kuzianikia lilikuwa kwa mteja wangu. Balozi, aliyezoea kuturudia hotuba za redioni kama kazitunga yeye, aliitisha kikao akaongea habari za usafi wa vyoo, akakaa chini. Mume wangu kila jioni aliketi mezani, mikono magotini, akaisikiliza redio bubu mpaka muda wa habari uishe. Kuomba hakuomba. Nami kutoa sikutoa.

Mpaka asubuhi moja, natandika kitambaa, nikakuta juu ya redio jani la isale. Bichi, limekatwa vizuri, limefungwa fundo. Kwetu isale ndilo jani la kuombea msamaha, na ukiletewa hukatai, hata aliyelileta awe amekuulia ng'ombe wako. Na yeye alikuwa ametoka mapema sana kwenda kuangalia kahawa ambayo haikuwa na la kuangaliwa.

Nikatia betri. Nikaizungusha sauti kuona kama zina nguvu, zilikuwa nazo. Nikachukua kamba yangu na mundu nikaenda kukata majani. Masale tunayapanda mipakani, yanazunguka kila kihamba, na asubuhi ile njia nzima niliona yamepukutishwa nyumba hadi nyumba, kama mbuzi amepita. Kwa balozi vilibaki vijiti.