Neno la Heshima Lililochelewa

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, nayo ni siku shimo la vito la Mzee Yasini na mwanawe lilipojaa maji.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, wageni wakimiminika Tunduru kununua vito. Mimi, binti wa Majengo hapa Songea, nilikuwa nimefundishwa Kihispania na sista mmoja wa misheni. Alianza na maneno ya kila siku: habari yako, kaa, unataka nini. Kiingereza, alisema, kina "you" moja tu, ya mtoto na ya babu. Kihispania kina mbili: "tú" ya mtoto na rafiki, "usted" ya mkubwa na mgeni. Kwetu tuliolelewa kwa shikamoo, hilo halikuwa gumu. Basi mnunuzi mmoja Mhispania akaniajiri niwe mkalimani wake huko machimboni.

Asubuhi hiyo Mzee Yasini, mkulima wa korosho aliyekuwa akichimba vito na mwanawe, aliingia ofisini kwetu ametapakaa tope. Mwanawe Hamisi alikuwa amenasa shimoni, na maji yanapanda. Pampu ya karibu ilikuwa ya bosi wangu, ikikausha shimo lake mwenyewe.

"Siéntate," bosi alimwambia bila kuinua macho. Kaa, kama umwambiavyo mtoto. Na yote yaliyofuata yalikuwa ya "tú": unataka nini, ngoja, rudi jioni. Mzee yule alikuwa na umri wa kumzaa.

Mzee akanitazama; lugha hakuijua, lakini sauti aliisikia. "Binti, huyu ananisemesha kama mtoto?"

"Ndiyo, mzee."

Nilipandwa na hasira, nikataka kumrudishia bosi "tú" yake. Mzee akaliona hilo usoni pangu.

"Usimjibu hivyo. Mwombe kwa heshima yote. Heshima yangu itangoja, mwanangu hawezi kungoja."

Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, lakini nyoka hutoka kwa wakati wake. Niliomba kwa "usted" hadi sauti ikanikauka. Bosi alipokubali, jua lilikuwa utosini. Alasiri wakamtoa Hamisi, ameshakufa, vidole vimekaza kwenye ngazi.

Tulimzika kabla ya magharibi. Bosi alikuja, akavua kofia, akamwambia mzee, "Lo acompaño en el sentimiento."

"Amesemaje?" mzee akaniuliza.

"Amekupa pole, mzee. Safari hii kwa neno la heshima."

Mzee alipangusa udongo uliokuwa ungali mikononi mwake. "Mwambie nimeshukuru. Mwambie pia Hamisi hasikii tena. Wapo wenzake bado wanachimba. Hilo neno awape wao."

Nilifasiri yote, sikupunguza. Bosi aliinamisha kichwa.

Mwanangu, heshima si utumwa, wala haimpunguzii kimo anayeitoa. Utakwenda kwa watu na kujifunza lugha zao. Uliza mapema wanamwitaje mkubwa wao. Na mtu akikujia na shida, mwone yeye kabla hujaona tope la nguo zake, maana pole ya makaburini haimfikii aliyelala. Mungu akuongoze ulimi, akufungulie masikio mapema, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu mwenye utu.