Mgonjwa wa Mbali

Mume wangu alikuwa na kazi ambayo hata mimi mkewe niliona tabu kuieleza. Niko saluni nasuka, mteja ananiuliza, "Baba Pacha anafanya kazi gani siku hizi?" Namjibu, "Anatafuta watu." "Ni askari?" "Hapana." "Anadai madeni?" "Hapana, mwenzangu. Anawatafuta aulize kama wako hai." Hapo mteja anageuza shingo kunitazama, nywele zinaniponyoka, naanza mstari upya.

Ngoja nieleze. Zamani hizo, mapacha wetu hawajajua hata kutambaa, madaktari wa utafiti walikuja mtaani wakapanga meza zao kwenye ukumbi wa shule. Kila mtu mzima alipimwa presha na uzito, akatolewa damu, akaulizwa habari za chumvi na sigara mpaka akachoka. Walitaka kujua presha ya leo itamfanya nini mtu miaka mingi mbele: nani atapata kiharusi, nani moyo utamchoka, nani atazeeka salama. Nyumba yetu tulipimwa sote: mimi, mume wangu, mama mkwe, na shemeji yangu, yaani kaka mkubwa wa mume wangu. Shemeji ndiye aliyekutwa na presha ya juu kutupita wote. Akacheka, akasema mashine imemwonea wivu.

Sasa utafiti wa namna ile hauishi kwa kupima mara moja. Kila mwaka lazima mtu apatikane, apimwe tena. Na watu wa kwetu hawatulii, leo kapanga hapa, kesho kahamia kwa dada yake. Ndipo wakamchukua mume wangu. Alikuwa msoma mita za maji, anajua kila mlango na kila mbwa. Wakamfundisha kupima presha, wakamwapisha kutunza siri za washiriki: alipo mtu, afya yake, dawa zake, hakuna kumwambia yeyote, hata wa nyumbani kwake.

Jamani, nilivyokuwa nampenda akitoka asubuhi! Shati limenyooshwa, viatu vinang'aa, begi la mashine begani. Siku hizi mashine zinajipuliza zenyewe, lakini ile ya kwake ilikuwa na mpira wa kuminya kwa mkono, ukisikia fyu, fyu, fyu chumba cha pili unajua mtu anapimwa. Sauti ile naitamani mpaka leo. Akifika mlangoni anabisha hodi, anauliza, "Fulani bado yupo?" Basi watoto wakambandika jina la Bado-Yupo. Wengine walijificha wakidhani anadai kodi. Mama mmoja alimmwagia maji ya vyombo akamwita mchawi. Mzee mwingine alimwambia, "Nipo, lakini ukizidi kuniuliza nitaondoka."

Kwenye karatasi zake majibu yalikuwa matatu: yuko hai, amefariki, hajulikani alipo. Hilo la tatu alilichukia kuliko njaa. "Mama Pacha," alikuwa ananiambia, "wanaopotea huenda ndio waliokufa. Tukiwaacha, utafiti utasema presha haina neno, na watu wataendelea kuanguka."

Na kati ya waliopotea alikuwemo kaka yake mwenyewe.

Shemeji aliondoka kwa aibu. Mama mkwe alikuwa na cherehani, ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha baada ya baba yao kufa. Siku moja karudi kutoka msibani, kakuta meza tupu. Shemeji ameiuza aanze biashara ya vipuri, akaahidi kununua mpya mbili. Biashara ikafa hata haijapata jina. Akatoka kama mtu anayekwenda dukani, hakurudi. Mimi nilisema afadhali, la kuvunda halina ubani. Mama mkwe akanikata jicho. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema. "Cherehani ni chuma. Mimi namtaka mwanangu nimwone kabla sijafa."

Tangu hapo, kila mume wangu akirudi safari, mama alimuuliza swali lile lile, "Umewapata wote?" Naye anajibu, "Bado mmoja, mama." Mama anaendelea kuchambua mchele.

Ikapita miaka. Fununu ikamfikisha mume wangu kwenye tanuri la matofali, mbali, mabasi mawili na lori. Akamkuta kaka yake kifua wazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Haya sikuyajua siku ile, niliambiwa baadaye na wenyewe wote wawili.

"Andika nimekufa," shemeji alisema, hata salamu hakuna.

"Siwezi. Marehemu hatoki jasho hivyo. Kaa, usiongee, miguu chini."

Akampima. Akarudia, akidhani kakosea. Presha ilikuwa ya mtu anayesubiri kuanguka. Mume wangu akamshika mkono mpaka zahanati, akahakikisha ameandikiwa dawa. Wakati wa kuagana shemeji akamwambia, "Mama akijua niko wapi, nahama. Na safari hiyo hunipati, wala dawa sinywi."

"Nimeapa, kaka. Simwambii mtu."

Akarudi nyumbani hali chakula. Mimi nikajua tayari, kuna mwanamke huko. Nikamnunia, nikamtupia maneno, hajibu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, nikawa nausubiri mshindo. Mama mkwe wala hakusubiri. Alivua miwani.

"Umewapata wote?"

Mume wangu akainamisha kichwa. "Mama, kazi yangu ina kiapo."

"Sijakuuliza yuko wapi. Mimi ndiye niliyekulea usiwe kigeugeu, siwezi kukugeuza leo. Nakuuliza hivi: katika wagonjwa wako, yuko wa mbali?"

"Wako wengi wa mbali, mama."

"Huyo wa mbali kuliko wote. Dawa anakunywa?"

Nilimwona mume wangu anatafuna mdomo. Wa mbali kuliko wote angeweza kuwa mtu yeyote, hilo hata wakubwa wake wangelikubali. "Ameanza kunywa," akasema.

Mama mkwe akajifunika uso kwa mtandio akalia kwa sauti, nami nikalia, na yale maneno niliyomtupia mume wangu yakanirudi yote. Kisha mama akajipangusa akaomba chai.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa na mgonjwa wa mbali. Haki ya Mungu, hakuna mtu aliyesemwa sana katika nyumba ile kama yule asiye na jina. "Mwambie mgonjwa wako apunguze chumvi, ukoo mzima wanapenda chumvi." "Mwambie sigara si chakula." Mara mama amfumie soksi, mume wangu azibebe safari inayofuata. "Mama," mume wangu anamtania, "huyu mgonjwa ana miguu mikubwa." "Miguu yake naijua." Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu, na katika kucheka huko unamwona mama anageukia dirishani. Ilikuwa miaka mizuri. Siku hizi nikisuka peke yangu nausikia ule utani wao, natamani nirudishwe japo jioni moja.

Ila mama alikuwa anazeeka. Presha yake nayo ikaanza kupanda, kizunguzungu kikamwangusha jikoni, daktari wa utafiti akatuambia tumwangalie sana. Nikamvaa mume wangu. "Kiapo, kiapo! Hicho kiapo ndicho kitakachomzika mama yako hajamwona mwanawe?"

"Nikikivunja, huyu anahama na dawa anaacha. Utamzika yeye kwanza," akanijibu. Nikaacha kumvaa, nikaenda kumpikia mama uji usio na chumvi.

Akaenda safari ya mwaka ule. Akampima kaka yake, presha imeshuka vizuri. Alipokuwa anafunga begi, shemeji akauliza huku anatazama matofali, "Na yule anayefuma soksi. Presha yake ikoje?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi vipi?"

"Naye ni mshiriki kama wewe. Siri yake naitunza kama ninavyoitunza yako."

"Ebo! Mimi ni mwanawe!"

"Na yeye ni mama yako, lakini hajui hata unalala wapi. Ukitaka kujua presha yake, nenda kamuulize mwenyewe."

Shemeji alimtukana matusi ambayo siyarudii hapa, akarudi tanurini bila kuaga. Mume wangu alifika nyumbani amepauka. Aliniambia tu kwamba ameharibu, na siku kadhaa mpira ule haukusikika chumbani.

Zamu ya mama kupimwa ilipofika, ilikuwa asubuhi, kiti chake kimewekwa barazani kwa sababu ya joto. Mkanda umefungwa mkononi, miguu chini, mume wangu kamwambia atulie. Mimi nilikuwa nasuka binti wa jirani hatua chache pembeni. Nikaona mtu amesimama getini, mvi kichwa kizima, kofia ameishika kwa mikono miwili. Uso sikuutambua. Nilitambua jinsi alivyoegemeza bega, kwa kuwa mume wangu huegemea vile vile.

"Hodi," akasema. "Nimekuja kuuliza presha ya mama."

Mama mkwe alisimama na mkanda wake mkononi, mpira unaning'inia, mashine ikavutwa ikaanguka chini. Shemeji akapiga magoti palepale penye changarawe. "Mama, ile cherehani..."

"Nyamaza."

Akamshika kichwa, akampapasa masikio, shingo, kidevu, kama anayekagua mtoto aliyerudi kutoka kucheza. Walilia wote wawili bila kuona haya, na binti wa jirani akalia naye, hajui hata analilia nini. Mume wangu akaokota mashine, akaifuta vumbi, akabaki ameishika. Maskini, mtu wa kazi, hakujua afanye nini na mikono yake.

"Mama," akasema mwishowe, machozi yanamchuruzika, "kaa basi kidogo, tumalize kupima."

"Nivue kidude hiki," mama akamwambia, kichwa cha mwanawe bado kakikumbatia. "Leo usinipime, nitawaharibia utafiti."