Mtu wa Juu ya Mtaro

Walimwita Fuko, na jina likamkaa. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na tangu ujana wake alichimba mitaro ya mabomba ya maji na majitaka. Wenzake waliojenga maghorofa waliweza kuwaonyesha watoto wao kwa kidole. Kazi zake yeye zilifukiwa zote, na watu wakapita juu yazo na viatu vyao bila habari.

Kwa kuuogopa udongo hakuwa na mpinzani. Mtaro ukimzidi kifua haingii ng'o, mpaka kuta ziegemezwe mbao, ngazi iwe karibu, na lundo la udongo lisogezwe mbali na ukingo. Vijana wa kazini walimtania.

"Fuko gani huyu anaogopa shimo?"

"Mleteni huyo wenu asiyeogopa tuzungumze naye," hujibu. Huyo wao walikuwa wamekwisha kumzika.

Lakini kuliko mbao, Fuko alimtegemea mtu wa juu. Aliye chini anaona ukuta ulio mbele ya pua yake, basi. Nyufa huanzia juu, nyuma ya ukingo, ambako hata arefushe shingo namna gani hapaoni. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusimama pale, macho yasibanduke, na akiona ufa mwembamba kama uzi apige kelele. Kazi hiyo Fuko alimpa shemeji yake, mume wa dada yake. Ni Fuko aliyemwombea kazi shemeji huyo alipokuwa akirandaranda mitaani, na ni Fuko aliyemfundisha. Miaka yote hiyo alichimba bila kuinua kichwa. Macho yale aliyaamini kuliko yake mwenyewe.

Siku ya siku, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kilibaki kipande kifupi cha mwisho, na mbao zilikuwa zimepelekwa upande mwingine wa ujenzi. Nyapara alitaka bomba lilale kabla ya chakula cha mchana. Fuko akagoma. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Vipi huko juu?"

"Shwari, shemeji. Shuka umalize mara moja."

Akashuka. Angesema mtu mwingine yeyote, asingeshuka hata kwa mtutu wa bunduki. Akiwa ameinama alisikia chepe likikwaruza juu ya kichwa chake, akadhani shemeji anasogeza udongo mbali na ukingo kama alivyofundishwa. Moyoni akamshukuru. Muda si mrefu ukuta ukamlalia.

Shemeji ndiye aliyemfukua. Aliwakataza wenzake wasiguse sururu, akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, huku akilia bila aibu mbele ya watu. Fuko akatolewa mzima, ila paja limevunjika na mbavu zimetetereka.

Alipotoka hospitali, dada yake alimchukua kwake, akamtandikia kitanda sebuleni. Kila mgeni aliyekuja kumpa pole alihadithiwa habari za ile mikono. "Mguu ukipona narudi chini," Fuko alikuwa akisema, "na juu atasimama huyuhuyu." Dada yake akipita na birika la chai huitikia kwa kichwa.

Jioni moja shemeji alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akaketi kando ya kitanda.

"Mpaka leo sielewi," Fuko akasema. "Udongo huwa unaaga. Ule haukuniaga. Labda mimi ndiye nilikosea mahali."

"Usijilaumu, shemeji. Ufa wenyewe ulikuwa mdogo, hata kidole hakiingii."

"Ufa gani?"

Shemeji akainamia viatu vyake.

"Nakuuliza, ufa gani?"

"Nilimwonyesha nyapara. Akasema niufukie, nisiwatie watu hofu, na kama sitaki kazi niseme. Nikaukwarulia udongo kidogo. Nilijua utawahi kutoka, shemeji. Wallahi nilijua utawahi."

Fuko aliumia kuliko siku ile ya ukuta. Siku ile kilichomwangukia kilikuwa udongo, na udongo hakuwahi kuuamini. Alifungua kinywa amfukuze, akakumbuka nyumba si yake. Shemeji alijiondokea mwenyewe, peku, viatu akaviacha pale pale.

Fuko akamwita dada yake kutoka jikoni. Alikuja akijifuta mikono kwa khanga.

"Keti, dada. Mumeo aliuona ufa kabla sijashuka."

Dada yake hakuketi. Wala hakuuliza ufa gani.

"Ulijua," Fuko akasema.

"Aliniambia siku ileile, wewe ukiwa hospitali." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Ningefanyaje, mdogo wangu? Ni baba wa watoto wangu. Nikasema wacha kwanza upone."

Kumbe alimwogesha akijua. Alimlisha akijua, na kila alipomsikia akizimwaga sifa zile mbele ya wageni, aliitikia kwa kichwa akijua. Alichotaka Fuko ni kutoka tu mle ndani, akakae popote pale, hata barazani kwa jirani. Lakini paja lilikuwa bado kwenye plasta, na mlango ulikuwa mbali.

Akanyoosha mkono ainuliwe. Dada yake akasogea, akainama, na Fuko akaliegemea bega lake, kwa kuwa hakukuwa na jingine.