Mchora ramani aliyeandika jina la fundi katikati ya ziwa

Saa mbili na robo asubuhi. Mama Chanzo ameinamia kompyuta, na salamu ya mtu hajaijibu. Jana jioni aliacha mistari minne ya maandishi madogo kwenye kona ya chini ya ramani anayoichora. Asubuhi hii haipo.

"Wameifuta tena," anasema bila kugeuka. "Nikienda nyumbani tu, watu wanafuta. Sasa nihamie hapa na godoro langu?"

Anafungua nakala aliyoificha kwenye faili aliloliita "Mapishi", na mistari inarudi mahali pake. Ni mara ya tatu wiki hii.

Mama huyu amechora ramani kwa miaka kumi na sita, katika ofisi ya vyumba viwili iliyo juu ya duka la vipuri. Jina la Mama Chanzo hakupewa kwa mapenzi. Wenzake walichoshwa na swali lake, maana mtu akimletea data, hata hajaketi, anaulizwa: "Chanzo chake nini? Nani kapima, na lini?"

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliwaza jambo hili, na wala si dhambi, ramani za siku hizi huchorwa kwenye kompyuta kwa kupandanisha matabaka. Barabara zimetoka huku, mito kule, visima kwa mtu wa tatu. Ndiyo maana pembeni huandikwa kila kitu kimetoka kwa nani na mwaka gani. Wako wanaotoa data yao bure kwa sharti moja: itumie utakavyo, ila useme umeipata wapi.

"Sharti moja," anasema, akiinua kidole. "Hawajaomba chai, hawajaomba posho. Watajwe tu. Na hilo nalo linatushinda, watu wazima na akili zetu."

Anayefuta ni bosi wake, na wala hafichi.

"Inachafua ramani," anasema bosi, amesimama mlangoni na kikombe chake. Akibanwa kidogo, anatoa la moyoni: "Mteja akisoma kwamba barabara zimetoka kwa watu wa kujitolea na visima kwa fundi mstaafu, si atauliza sisi tulifanya nini?"

"Tulichora, bosi. Kuchora nako ni kazi."

"Wewe toa. Saa sita iende kuchapwa."

Mama Chanzo anashusha pumzi ndefu. Ubishi wa bosi ameshauzoea. Asichoweza kukimeza ni kisima namba themanini na nane.

Mwaka juzi alichora ramani ya visima kwa ajili ya ukuta wa ofisi ya maji. Vya kusini, mia mbili na kumi na vinne, vilikuwa vimepimwa mwaka huohuo na Fundi Pampu, mzee aliyetengeneza pampu za maji maisha yake yote, ambaye alivizungukia kwa baiskeli kiangazi kizima. Vya kaskazini vilitoka kwenye orodha ya miaka kumi na moja nyuma, ambayo hakuna aliyeihakiki. Yote hayo aliyaandika kwenye kona.

Ramani ikapelekwa kwa fundi fremu, ambaye ni mume wa dada yake. Karatasi ilizidi kioo kwa sentimita mbili. Shemeji hakuuliza mtu. Alichukua wembe, akakata chini.

"Shemeji, yale maandishi yalikuwa madogo kama chawa," anajitetea hadi leo. "Kitu cha maana huandikwa kikubwa."

Kiangazi kilichofuata, zahanati moja ya kaskazini iliishiwa maji. Ofisi ya maji ikatazama ukutani, ikaona namba themanini na nane ina alama ya buluu, ikatuma gari la tangi na mafundi. Walikuta shimo limejaa mchanga. Mpaka gari ligeuke na kupata maji kwingine, siku nne zilikuwa zimekwisha, na wajawazito walikuwa wakienda kujifungua na ndoo zao za maji.

Lawama ilitafuta pa kutua. Jina la Fundi Pampu halikuwepo kwenye ramani, lakini kila mtu alijua nani alizunguka akipima visima. Akaitwa mwongo mbele ya kikao, akaondolewa kwenye kamati ya maji. Sifa haikumpata, lawama ikamkuta.

"Kaskazini sikuwahi kukanyaga," anasema mzee huyo. "Wakaniambia nionyeshe palipoandikwa hivyo. Nionyeshe nini, na pamekatwa? Shukrani ya punda ni mateke."

Mama Chanzo alikwenda kumwomba radhi mara tatu. Mara mbili za kwanza mkewe alimjibu dirishani kwamba mzee hayupo, huku baiskeli imeegeshwa kibarazani. Mara ya tatu alitoka mwenyewe, ameshika daftari. Kimyakimya alikuwa amepanda baiskeli hadi kaskazini na kupima visima vyote tisini na kimoja, ili ajisafishe tu.

"Chukua, mwanangu," alimwambia. "Lakini jina langu na tarehe yangu visibanduke. Vikibanduka, daftari langu lirudi nyumbani."

Hiyo ndiyo ramani iliyo kwenye kompyuta asubuhi hii.

Saa tano kasorobo, Mama Chanzo anaacha kubishana. Anaikamata mistari yake minne, anaiburuta kutoka kwenye kona na kuitua katikati ya ziwa, herufi amezikuza. Humo hamna kisima wala barabara. Nafasi ni tele.

"Hii nini tena ziwani?" anauliza bosi.

"Chanzo."

"Itoe."

"Nitaitoa. Ila na jina langu la mchoraji nalo nitalitoa, uweke lako. Halafu nitampelekea mzee daftari lake."

Bosi anapiga funda la chai iliyokwisha kupoa. "Basi angalau punguza herufi."

"Sipunguzi. Zilipokuwa ndogo ziliitwa chawa."

Saa tisa, kwa fundi fremu, karatasi imezidi kioo tena, kwa sentimita mbili zilezile. Shemeji anazungusha wembe hewani, hajui pa kuuweka.

"Chini nitakata visima," anasema. "Labda nikate juu."

Juu kuna jina la ofisi na la bosi. Bosi, aliyekuja kusimamia, anauliza papo hapo kioo kikubwa kinauzwa wapi. Kinapatikana duka la pili kutoka hapo. Mama Chanzo amekiomba miaka miwili, akiambiwa hakipo.

Siku mbili baadaye ramani inatundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya maji. Fundi Pampu amekuja na shati lililopigwa pasi na miwani ya mkewe. Anaanzia kwenye kona, haoni kitu, uso unamshuka. Mama Chanzo anamshika mkono na kumwonyesha ziwa. Mzee anasoma jina lake kwa kidole, lake, la baba na la babu, kisha tarehe. Macho yamelowa.

Halafu kidole kinapanda kaskazini.

"Hiki cha arobaini na mbili umekiweka kushoto kwa njia," anasema. "Kiko kulia."

Bosi anajishika kichwa. Mama Chanzo analinganisha na daftari, anaona kosa ni lake, na kwa mara ya kwanza wiki hii anacheka.

"Ile ya mwaka juzi ilikosea, watu wakakaa siku nne na kiu, na hapakuwa na wa kumuuliza," anasema. "Hii haijamaliza dakika tano ukutani, na mwenyewe ameshaisahihisha."

Ukutani hapo kuna ramani nyingine nane, zote hazina chanzo. Anataka kabla ya kiangazi kijacho kila moja iwe na jina na tarehe, ili atakayekalia kiti chake asianze kazi kwa kubahatisha.

"Tutaanza na hiki cha arobaini na mbili," anasema, na kumgeukia fundi fremu, ambaye alikuwa ameshafunga mfuko wake wa vifaa. "Shemeji, fungua kioo."