Mlango wa Fundi

Tulikuwepo mimi, wadogo zangu wawili, fundi jirani yetu, na mama aliyelazwa ndani chini ya kitenge. Nikifagia maranda ya mbao kiwandani hapa ugenini, Wetherill Park, harufu yake hunirudisha uani kwetu siku ile.

Mbao za jeneza zilikuwa zimepinda. Fundi alivuta uzi juu ya ubao wa kwanza, akapima pengo kwa kidole.

"Nikiupiga randa mzima, nusu ya unene itaishia chini, hautashika misumari. Tuupasue kwanza, kila kipande tukikwangue kidogo tu. Shika, dada."

Nilishika. Jua lilikuwa linashuka na mazishi yalitusubiri.

"Mama atatoshea?" mdogo wangu akauliza.

Fundi alipanga vipande vyote, akapima tena. Unene ulibaki, lakini msumeno ulikuwa umekula upana, na kifuniko hakikufika ukingoni.

Akaenda kwake. Tulisikia nyundo, kisha akarudi amebeba mlango wa nyumba yake kichwani.

"Huu umenyooka," alisema. "Shika."

Siku tulipohama kuja huku, mlangoni pake lilikuwa bado linaning'inia pazia. Wadogo zangu nimewasomesha. Mlango wa fundi sijaurudisha.